Mama Hongera, Aliyepigia Vigelegele Kifungo cha Shati

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia inaomba mtuvumilie. Wasifu huu umeandikwa na watu ambao bado hawaamini wanachokiandika. Jumamosi iliyopita, saa kama hizi, marehemu alikuwa jikoni kwake akibishana na dada yake mkubwa kuhusu chumvi. Leo mdogo wake wa kiume amesimama hapa na karatasi mkononi, anasoma maisha yake. Tena, Mungu atusamehe, wasifu tuliokuwa tumejiandaa kuuandika ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Mtu huyo amekaa pale mstari wa mbele, ameshika fimbo yake, na ndiye aliyefiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi baiskeli na mkewe mshonaji. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, chenye dirisha moja lililotazama karakana ya baba yake. Alikuja kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba mkunga alimviringisha kwenye pamba na kumnong'oneza mama yake asiweke matumaini mengi. Bibi yake mzaa mama aliyasikia maneno hayo na hakuyapenda hata kidogo. Mtoto aliponyonya mara ya kwanza, bibi akapiga vigelegele. Aliponyonya mara ya pili, akapiga tena. Mtoto alipopiga chafya, bibi hakujua kama hiyo ni heri au ni mafua, akapiga tu, liwalo na liwe. Majirani walidhani wamezaliwa mapacha, na kufikia jioni walishakata tamaa ya kuhesabu. Hivyo ndivyo alivyokaribishwa duniani, na inaonekana aliichukulia kuwa ndiyo desturi ya dunia yote.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na kituo cha zimamoto, kuanzia mwaka 1969. Hatutamtilia chumvi: darasani hakuwa moto wa kuotea mbali. Hesabu hasa zilimtoa jasho. Siku moja alipata moja kwa kumi. Wiki iliyofuata akapata tatu, akaja mbio nyumbani akipiga vigelegele tangu kwenye kona ya mtaa, karatasi ya jaribio ikipepea juu ya kichwa. Baba yake aliangusha spana.

"Umefaulu, mwanangu?"

"Hapana, Baba. Nimefeli. Lakini leo nimefeli kidogo!"

Mzee aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma. "Haya, hongera basi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pongezi bila kuelewa ni za nini. Dada mkubwa, ambaye kila mtihani alikuwa wa kwanza na hakuna aliyempigia hata mluzi, alikuwa mlangoni anafua soksi. Alimwambia mdogo wake, "Wewe endelea tu. Iko siku utapiga kelele za kweli, na watu watadhani unashangilia." Wote walicheka. Hata marehemu alicheka, na jina la Hongera likamganda tangu siku hiyo. Alipopata watoto likawa Mama Hongera, na hapa makaburini wapo watu ambao hawajawahi kumjua kwa jina jingine.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare za shule, kitengo cha kola na vifungo. Ukumbi ule ulikuwa mrefu, madirisha yako juu, vumbi la pamba linaelea kwenye mwanga, na cherehani zote zikiwaka kwa pamoja husikii hata unachokiwaza. Msichana mgeni aliposhona kola yake ya kwanza ikanyooka, Mama Hongera alipiga vigelegele. Nyapara akaja juu. Akasema kiwandani hakuna harusi, na atakayepiga tena atashangilia akiwa nje ya geti. Basi marehemu akachukua mkasi wake, akaugonga ubavuni mwa meza mara tatu: ko, ko, ko. Jirani yake akajibu kwa mkasi wake. Mstari mzima ukajibu. Nyapara hakuwa na katazo la mikasi. Tangu hapo, mpaka marehemu alipostaafu mwaka 2016, kola ya kwanza iligongewa mikasi, na hata siku mgonjwa aliporudi kazini aligongewa mikasi kwa kule kurudi tu. Wafanyakazi wenzake wamejaa mstari wa nyuma pale. Tunawaona, na tunaona mikoba imevimba. Tunajua mmekuja na nini.

Kiwandani ndiko alikompata mume, na kwa kweli alimpata kwa kumwangusha. Taa za ukumbi zilikuwa zimezimika, akaitwa fundi umeme, kijana mrefu asiyesema neno lisilo na kazi. Alipanda ngazi, akahangaika juu huko, taa zikawaka. Marehemu alisahau katazo. Kigelegele alichokitoa kilimshtua fundi hata akakosa kipago cha mwisho na kuteguka kifundo cha mguu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akimwomba radhi, na kila baada ya muda akimsifia mguu kwamba unaonyesha juhudi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1984. Wanawake wa kola na vifungo waliwapa zawadi ya vikombe sita vya bluu vyenye ukingo wa dhahabu. Vitano vilivunjika kadiri ndoa ilivyoendelea. Cha sita tutakirudia.

Mungu aliwajalia binti mwaka 1986 na mwana mwaka 1991. Kati yao alikuwepo mtoto mwingine, ambaye aliishi siku chache tu. Tunalitaja hili kwa sababu wapo waliodhani marehemu alikuwa mtu wa kuchekacheka tu ambaye hajaguswa na dunia. Baada ya msiba ule nyumba ilikaa kimya. Watu wema walikuja kumwambia ashukuru, kwani amebaki na mmoja. Aliwajibu bila kupandisha sauti: "Msinihimize. Nitashukuru mwenyewe nikiwa tayari." Akawasindikiza mpaka mlangoni. Miezi ikapita. Jioni moja, wakiwa mezani, yeye na mumewe na binti mdogo, akasema ghafla, "Leo nimechana nywele." Mumewe, yule asiyesema, aliinuka, akateremsha kikombe cha bluu kutoka rafu ya juu, akammiminia chai.  Marehemu alikunywa huku machozi yanaingia kwenye kikombe.

Hapo ndipo ilipoanza sheria ya meza yao. Kila jioni kila mtu alete jambo moja lililomwendea vizuri, na liwe dogo. Aliyeleta dogo kuliko wote ndiye anywee kikombe cha bluu. Mwana alipopata kazi ya kwanza aliingia kifua mbele, akatangaza.

"Hilo kubwa hilo, mwanangu," mama yake akamwambia, amemkumbatia. "Hilo tutalipigia kelele Jumapili, mtaa mzima usikie. Sasa lete dogo."

Akafikiri. "Kamba ya kiatu ilikatika nikiwa nimeshafika."

"Mpeni kikombe!"

Na kikombe hicho kilikuwa na mwiko wake: hakiteremshwi kabla ya jambo. Kukiteremsha mapema, alisema, ni kama kumvisha mtoto viatu kabla hajazaliwa. Wanafamilia wote wanaujua mwiko huo, na tunaomba nanyi muukumbuke.

Kwa kawaida hapa ndipo wasifu hueleza ugonjwa wa marehemu. Marehemu hakuugua. Aliyeugua ni mumewe. Februari 2023 alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, na maneno, ambayo tangu zamani yalikuwa machache, yakaisha kabisa. Daktari alituita pembeni akatuambia tujiandae. Tukajiandaa. Tulinong'ona kuhusu maturubai na viti. Dada mkubwa, mwanamke wa mipango, alikwenda kukuza picha ya shemeji yake akiwa amevaa suti, shati limefungwa mpaka shingoni, akaileta kwenye fremu. Mama Hongera aliipokea, akaitazama, akamtazama dada yake.

"Dada, mtu anapumua chumbani, wewe umemletea picha ya jeneza?"

"Mdogo wangu, si vibaya kujiandaa."

"Basi tujiandae." Akaingia nayo chumbani, akaitundika mbele ya kitanda, akamwambia mumewe, "Fundi, unamwona huyo kijana mtanashati? Huko ndiko tunakokwenda. Mpaka kifungo cha shingoni."

Alikata kitambaa kirefu cha sare, akakishonea vifungo mstari mmoja na matundu yake: kwanza kile kikubwa cha koti, kisha vinavyopungua, mpaka kifungo kidogo cha shati. Kila asubuhi mgonjwa alikaa na kitambaa hicho magotini, akitumia mkono ule uliolala. Siku kidole gumba kilipocheza, Mama Hongera alipiga vigelegele, jirani akaja na ndoo ya maji akidhani ni moto. Mume aliposhika kikombe, vigelegele. Alipotamka neno la kwanza, ambalo si neno la kusomwa mbele ya watu wazima, vigelegele viwili. Binti alimruhusu baba yake kijiko kimoja tu cha sukari kwenye chai. Siku ya ushindi kikombe cha bluu kiliteremshwa, na mama akaongeza kijiko cha pili, wa kukataa akatae. Dada mkubwa alikuja mara kwa mara kusaidia na akaondoka mara kwa mara na kipandauso. "Vigelegele vya kifungo!" alilalamika. "Nimezeeka, sasa nimeviona vyote." Lakini shemeji yake alikuwa anasimama. Alikuwa anatembea mpaka uani. Sisi tuliojiandaa tukarudisha minong'ono yetu mifukoni.

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, asubuhi, mume alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na shati lake. Marehemu alikuwa jikoni ameinjika maji. Binti alikuwa uani anafagia. Kwa mara ya kwanza kifungo cha shingoni, kile kidogo, kiliingia tunduni kwa mkono ule ule uliolala. Mume akaita, "Nime... weza!" Jikoni ikasikika sauti ya mkewe, kali na ndefu. Binti akajibu kwa kigelegele kutoka uani, kama walivyozoea. Mume akapiga makofi juu ya paja. Kisha akakaa wima, ameinua kidevu, kola imembana, akimsubiri mkewe aje amwone.

Hakuja.

Binti aliingia ndani aliposikia harufu ya birika linaloungua. Alimkuta mama yake sakafuni kando ya jiko. Alikuwa ameshaondoka. Daktari alituambia kwamba mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na kwamba hata kama wangekimbia, hata kama yeye daktari angekuwa amesimama pale pale, lisingebadilika lolote. Tulimsikia. Lakini tumepigwa na bumbuwazi mpaka leo. Mgonjwa yupo, mzima hayupo. Mwana, aliyesafiri usiku kucha, aliposhuka kwenye gari alimkumbatia dada yake akauliza, "Baba amefariki saa ngapi?" kwa sababu hata simu haikumtoa kwenye kile tulichokuwa tumekizoea kukiogopa.

Karatasi mlizo nazo mkononi zinaishia hapo, na kisha zinataja walioachwa. Zilipelekwa kuchapishwa jana asubuhi. Haya yafuatayo yameongezwa kwa kalamu, kwa sababu yametokea jana jioni na leo asubuhi, na msemaji ameombwa na mume wa marehemu mwenyewe ayasome.

Tangu Jumanne, mume wa marehemu alikuwa amekifungua kile kifungo na hakutaka tena shati. Alijifunga shuka. Alisukuma sahani. Alisukuma hata maji. Binti alipopiga magoti mbele yake kumsihi, alisema maneno matatu tu, moja moja, kwa taabu: "Nili... piga... makofi." Akayarudia siku nzima. Tulielewa. Alikuwa anasema kwamba mkewe alilia kwa maumivu, na yeye akamshangilia. Dada mkubwa naye aliyakumbuka maneno yake ya utotoni pale mlangoni na soksi, akajifungia chooni akalia. Tuliangaliana. Tulijua mtu akikataa maji mwisho wake ni nini, na tuliona kabisa kwamba tutarudi hapa makaburini kabla udongo huu haujakauka.

Jana jioni sebule ilikuwa imejaa watu na chai inagawiwa. Dada mkubwa alikuwa anaosha vyombo, na kama kawaida yake huzuni ilikuwa inamtoka kwa njia ya kufoka.

"Humu ndani hakuna mwenye adabu ya vyombo! Kikombe cha watu cha heshima, kile cha bluu, Jumanne nimekikuta mezani, kimetiwa sukari, chai hamna, sisimizi wamejazana kama wamealikwa. Nani alikiteremsha?"

Binti aliacha kumimina. "Mama mkubwa, Jumanne saa ngapi?"

"Nilipofika tu. Mmempeleka mama yako hospitali, mimi nimeanza na jiko. Nikakiosha, nikakirudisha juu."

"Mimi sikukigusa."

"Basi nani? Shemeji anaifikia rafu ile?"

 Kwenye kona, mume wa marehemu alikuwa ameinua kichwa.

"Su... kari?" akauliza.

"Sukari, shemeji," dada mkubwa akasema, na sauti ikaanza kumpungua, kwa maana alikuwa ameanza kuelewa anachokisema. "Kavu, chini ya kikombe. Vijiko viwili."

Viwili. Alisikia mumewe akisema ameweza. Akapiga vigelegele. Akaburuta kigoda, akapanda, akateremsha kikombe ambacho hakiteremshwi kabla ya jambo, akakiweka mezani, akatia kijiko kimoja, akatia na cha pili. Hayo si matendo ya mtu anayelia kwa maumivu. Kelele ile ilikuwa ya kifungo cha shati. Maumivu, kama yalikuja, yalikuja baadaye, na yalimkuta anafanya sherehe.

Mume aliomba aambiwe tena. Dada mkubwa alimwambia tena, amepiga magoti sakafuni, povu la sabuni bado liko mikononi. Akaomba mara ya tatu. Kisha akaomba maji. Alikunywa bilauri nzima, na watu wazima tuliokuwa mle ndani tulimtazama akimeza kama ambao hatujawahi kuona maji.

Leo asubuhi ameitisha shati. Amefukuza kila mtu aliyetaka kumsaidia. Amechukua muda mrefu, gari limesubiri, na baadhi yenu mmelalamika kwamba tumechelewa. Ndiyo, tumechelewa, na hatuombi radhi. Mtaona kwamba kifungo kimoja kimeingia tundu lisilo lake na shati limekwenda upande. Tafadhali mtu asije akamrekebisha. Alipotoka chumbani hivyo, tulisimama ukumbini hatujui la kufanya, kwa kuwa nyumba ina msiba na mwenye kazi ile hayupo. Ndipo dada mkubwa, ambaye maisha yake yote hajawahi kupiga kigelegele hata kwenye harusi yake mwenyewe, akafungua mdomo. Tusidanganyane: ilikuwa sauti ya jogoo mwenye mafua. Shemeji yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga makofi juu ya paja.

Marehemu ameacha mume, binti na mkwewe, mwana, wajukuu wawili wa kike, dada mkubwa, mdogo wake wa kiume, mstari mzima wa kola na vifungo, na kikombe kimoja cha bluu.

Apumzike, Mama Hongera wetu, kwa amani yote. Akiisha kushushwa, familia haiombi dakika ya ukimya. Mliokuja na mikasi, itoeni. Dada mkubwa ataanza.